Malalamiko Yaliyotelemka Milima ya Upare

Januari 1945 maelfu ya wanaume walitelemka kutoka milima ya Upare, kaskazini na kusini, wakaja kukaa Same. Hawakuja na mikuki. Walikuja kumwambia mkuu wa wilaya wa Kiingereza kwamba kodi mpya hawailipi, na kwamba wanataka jambo lao lisikilizwe. Kodi yenyewe iliitwa mbiru, jina la ushuru wa kale wa watawala wa huko. Badala ya kila mtu kulipa kiasi kilekile, mali ya kila mmoja ingekadiriwa, ng'ombe na mashamba na kipato, kisha atozwe kadiri alivyo. Kwenye karatasi ilikuwa haki tupu: mwenye nacho aongeze. Kule milimani ilionekana vingine. Wakadiriaji walikuwa watu wa machifu, machifu walikuwa watu wa serikali, na aliyeona ameonewa alibaki kulalamika kwa walewale waliomkadiria.

Wapare hawakukataa kulipa kodi, na ni vizuri hili likumbukwe. Walikuwa tayari kuendelea na kiwango kimoja kwa wote. Walichokataa ni kupekuliwa mali na kupangiwa kiasi na watu ambao hakuna aliyeweza kuwahoji. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwenyewe mtoto wa Upare, aliliandikia jambo hili kijitabu kilichotoka 1971, na tangu hapo mbiru imekuwa mfano wa kawaida wa upinzani wa raia wakati wa ukoloni. Kinachosimuliwa zaidi vijijini, hata hivyo, ni habari ya akina mama. Wanaume walipokaa Same miezi na miezi, kazi za nyumbani zikiwa zimelala, wanawake wa Usangi walifunga safari kwa miguu, kama kilomita 40, wakamkabili mkuu wa wilaya. Walimpa mambo mawili achague: amalize mgogoro waume zao warudi makwao, au awape mimba wote yeye mwenyewe. Sidhani kama katika kumbukumbu zote za utawala wa Tanganyika kuna hoja ya kisheria iliyojengwa kwa ufupi kuliko hiyo.

Kodi ikafutwa 1947. Viongozi hawakusalimika: Paulo Mashambo na wenzake walihamishwa na kupelekwa mbali na kwao kwa amri ya serikali. Ushindi ulipatikana, lakini tazama ulivyopatikana. Hakuna jaji aliyesema kwamba kodi ile ilikuwa batili, hakuna kanuni iliyowekwa ya kumlinda mtu wa kesho, na sheria ya uhamisho ya mwaka 1921 ilibaki palepale. Iliishi kuliko wakoloni walioitunga. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tume ya Jaji Francis Nyalali iliitaja miongoni mwa sheria 40 kandamizi zilizostahili kufutwa au kurekebishwa.

Watu wa Upare wanajua kuamua mashauri. Ukigombea zamu ya maji ya ndiva, yaani bwawa la kumwagilia mashamba, shauri huishia kijijini, kwa wazee au kwa kamati, na anayelalamikiwa si yule anayeamua. Ugomvi na dola ndio uliokosa mahali pa kwenda. Historia ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, saa chache za basi kutoka Same kupitia Mwanga, Himo na Moshi, ni historia ya kutafuta mahali hapo.

Hatua ya kwanza ilitokea jirani. Desemba 1946 Tanganyika iliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Mkataba wa Umoja huo uliwapa watu wa nchi za udhamini haki ya kupeleka maombi moja kwa moja New York. Mwishoni mwa 1951 serikali iliwaondoa Wameru katika ardhi yao ya Ngarenanyuki ili kuwapisha walowezi wa Kizungu. Nyumba zikachomwa, mifugo ikafukuzwa. Wameru wakachangishana fedha, wakamtafuta Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, na mwaka 1952 kijana wao Kirilo Japhet akasimama mbele ya Baraza la Udhamini kueleza yaliyowapata. Walisikilizwa kwa heshima. Ardhi hawakurudishiwa, na katika Baraza Kuu azimio la kuwatetea lilikosa theluthi mbili za kura. Lakini kwa mara ya kwanza mtu wa kaskazini mwa Tanganyika aliishitaki serikali yake mbele ya chombo ambacho serikali hiyo haikukiteua.

Uhuru ulipokuja, mlango huo ulijifunga wenyewe. Nchi huru haina mdhamini. Na waliotupigania uhuru hawakuona haja ya kufungua mwingine haraka. Katiba ya 1961 haikuwa na orodha ya haki za raia, hoja ikiwa kwamba serikali changa yenye kazi ya kujenga taifa isifungwe mikono na mahakimu, ambao wengi wao wakati ule walikuwa bado wageni. Mwaka 1962 ikaja sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi. Mtu anaweza kuielewa hofu ya viongozi wale na bado akaona kwamba Mashambo angehamishwa tena chini ya sheria za serikali yake mwenyewe.

Mwaka huohuo wa 1961, wanasheria wa Afrika waliokutana Lagos walikuwa wamependekeza bara liwe na mkataba wa haki za binadamu na mahakama ya kuusimamia. Ulaya ilikuwa nayo tayari Strasbourg tangu 1959. Nchi za Amerika zilipata yao, San José, mwaka 1979. Afrika ilichukua miaka 20 kupata mkataba peke yake, na ilihitaji kwanza kuona aibu. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umejiwekea sharti la kutoingilia mambo ya ndani ya mwanachama, na kwa sharti hilo ulimwacha Idi Amin aue watu na bado akawa mwenyekiti wake. Nyerere alikuwa miongoni mwa wachache waliosema wazi kwamba kunyamaza kule hakukubaliki. Juni 1981, Nairobi, wakuu wa nchi walipitisha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Ulianza kutumika Oktoba 1986. Ulikuwa na Tume, yenye makao Banjul, Gambia, lakini hapakuwa na mahakama; wakuu wa nchi walikubali kushauriwa, si kuhukumiwa.

Tanzania iliridhia Mkataba huo 1984, mwaka uleule ilipoingiza haki za raia katika Katiba yake, kisha ikaomba muda: haki hizo hazikuweza kudaiwa mahakamani hadi 1988. Zilipoanza kudaiwa, baadhi ya majaji walizichukulia kwa uzito kuliko serikali ilivyotarajia. Jaji James Mwalusanya alitamka 1990 kwamba mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza shamba la ukoo kama mwanamume, na mwaka 1994 kwamba adhabu ya kifo inavunja Katiba. Mahakama ya Rufani ikamtengua katika hili la pili mwaka uliofuata. Mwaka huohuo wa 1994 Jaji Kahwa Lugakingira aliruhusu wagombea binafsi katika shauri lililofunguliwa na Mchungaji Christopher Mtikila, na Bunge likabadili Katiba kuizima hukumu ile. Mtikila hakusahau.

Sasa turudi Same, kwa sababu hapa ndipo upungufu wa mahakama za ndani ulipoonekana bila pazia. Ukisimama mjini ukatazama mashariki, milima ikiwa imekwisha, unaanza kuliona pori la Mkomazi. Waingereza walilifanya pori la akiba mwaka 1951, lakini wafugaji wa Kimasai na Waparakuyo waliendelea kuishi ndani kwa miaka mingi, na watu wa milimani nao walishusha ng'ombe wao kutafuta malisho. Mwaka 1988 serikali iliamua pori liwe la wanyamapori peke yao, watu wakaondolewa. Kundi la wafugaji, likiongozwa na wazee wao, lilifungua kesi Mahakama Kuu Moshi, kisha likafika Mahakama ya Rufani. Hukumu ya mwisho ilitoka 1999. Walalamikaji walipewa fidia ya fedha, lakini pori hawakurudishiwa, na mahakama haikukubali kwamba lilikuwa lao kwa mila, kwa hoja kwamba walikuwa wahamiaji waliowakuta wengine.

Hoja hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndiyo iliyoamua. Mfugaji huhama, ndivyo anavyoitumia nchi kavu bila kuiua. Mahakama ilimtaka athibitishe kwamba alikaa mahali pamoja muda mrefu kuliko wengine, yaani athibitishe kwamba aliishi kama mkulima. Kwa kipimo hicho hakuna mfugaji wa Afrika Mashariki mwenye ardhi. Na baada ya Mahakama ya Rufani hapakuwa na ngazi nyingine ya kimahakama. Itifaki ya kuunda Mahakama ya Afrika ilikuwa imepitishwa Ouagadougou Juni 1998, mwaka mmoja tu kabla, na haikuwa bado na nguvu ya sheria. Mkomazi ikapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008, chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA.

Itifaki ilianza kutumika Januari 2004. Majaji 11 wa kwanza walichaguliwa 2006, wakaanzia kazi Addis Ababa, na mwaka 2007 Mahakama ikahamia Arusha, mji uliokuwa tayari na mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda na Mahakama ya Afrika Mashariki. Ofisi zake zimekuwa katika majengo ya TANAPA, Barabara ya Dodoma. Naam, TANAPA hiyohiyo. Mtu wa Same mwenye shauri juu ya hifadhi angelazimika kupita getini kwa mlalamikiwa ili amfikie jaji. Sisemi kwamba hilo lilimpotosha jaji yeyote. Nasema tu kwamba mtunga riwaya angeambiwa ametia chumvi.

Kila kitu katika Mahakama hii kimening'inia kwenye ibara moja ya Itifaki, ya 34, fungu la 6. Nchi ikiridhia Itifaki, inaweza kushitakiwa na Tume ya Banjul au na nchi nyingine. Mwananchi wa kawaida hawezi kuishitaki nchi yake mpaka nchi hiyo iweke tamko la pekee la kumruhusu. Nchi 34 kati ya 55 zimeridhia Itifaki. Zilizowahi kuweka tamko ni 12. Hukumu ya kwanza kabisa, Desemba 2009, ilimhusu mtu aliyeishitaki Senegal kuhusu kesi ya Hissène Habré, rais wa zamani wa Chad, na Mahakama ilisema haina mamlaka kwa sababu Senegal haikuweka tamko.

Tanzania iliweka tamko Machi 2010. Nadhani ilifanya hivyo kwa fahari ya mwenyeji, na nadhani haikutazamia nani angekuwa miongoni mwa wa kwanza kubisha hodi. Alikuwa Mtikila. Juni 2013 Mahakama ilisema kwamba kumlazimisha mgombea awe na chama kunavunja Mkataba wa Afrika, ikaitaka Tanzania ibadili sheria. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu. Mgombea binafsi hajaruhusiwa hadi leo.

Baada ya mchungaji wakaja wafungwa. Hili ndilo jambo ambalo wasomi wa katiba hulipita haraka, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote ambayo Mahakama imefanya. Kufungua shauri ni bure, na mfungwa anaweza kuandika mwenyewe kutoka gerezani. Habari zikaenea, nahisi, kama habari zote za gerezani: mmoja akipata jibu lenye mhuri, wa pili anaomba karatasi. Novemba 2015 Mahakama ilitoa hukumu katika shauri la mfungwa wa Gereza la Karanga, Moshi, aliyekuwa akitumikia miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Wakati wa kujitetea ulipofika alikuwa mgonjwa, hayupo mahakamani, na kesi ikaendelea bila yeye. Hakuwahi kupewa wakili. Chama cha Wanasheria wa Afrika, chenye ofisi Arusha, kilimsaidia kuandaa hoja. Majaji walisema wazi: mtu asiye na uwezo, anayekabiliwa na kosa lenye kifungo kirefu kiasi hicho, ana haki ya kupewa wakili bure hata kama hakuomba. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria.

Hapa kusiwe na kutia chumvi. Mara nyingi Mahakama ilikataa kuamuru wafungwa waachiwe, na maombi mengi yalitupwa. Haikujifanya mahakama ya rufani juu ya Mahakama ya Rufani. Ilichouliza ni kama mtu alisikilizwa inavyopasa. Lakini swali hilo dogo, likiulizwa mara nyingi na watu wengi, lilichora picha ya mahakama zetu za wilaya ambayo hakuna ripoti ya serikali iliyowahi kuichora. Mashauri dhidi ya Tanzania yakawa mengi kuliko dhidi ya nchi nyingine yoyote.

Wengine walitumia jambo hilo kudai kwamba Tanzania ndiyo nchi mvunjaji mkuu wa haki Afrika. Si kweli, na ni kuionea. Nchi zilizoweka tamko zilikuwa chache, na Tanzania ilikuwa mwenyeji: mfungwa wa Moshi au Arusha alikuwa karibu na masjala kuliko Mwafrika mwingine yeyote. Nchi zenye rekodi mbaya zaidi zilikaa kimya nje ya ibara ya 34, zikionekana safi.

Serikali ilichagua jibu lingine. Novemba 2019 Waziri wa Mambo ya Nje, Palamagamba Kabudi, mwenyewe profesa wa sheria, alitia saini hati ya kuliondoa tamko. Sababu iliyotolewa ni kwamba lilikuwa likitumiwa kinyume na masharti ambayo Tanzania iliyaweka. Hati ilipokelewa Umoja wa Afrika tarehe 21. Wiki moja baadaye, tarehe 28, Mahakama ilisoma hukumu ya watu watano waliohukumiwa kunyongwa na Mahakama Kuu Moshi. Ilisema sheria inayomlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kwa kila kosa la kuua kwa kukusudia, bila nafasi ya kupima mazingira, inavunja haki ya kuishi, na kwamba kunyonga kunadhalilisha utu. Ikatoa mwaka mmoja sheria ibadilishwe. Ndilo jambo ambalo Mwalusanya alilikaribia robo karne nyuma. Tanzania haijamnyonga mtu tangu miaka ya katikati ya 1990, lakini majaji wake wameendelea kutamka adhabu hiyo kwa kulazimishwa na sheria.

Kujitoa kulianza kufanya kazi 22 Novemba 2020, mwaka mmoja baada ya taarifa, na yaliyokwisha kufunguliwa yaliendelea. Rwanda ilikuwa imetangulia 2016. Benin na Côte d'Ivoire zikafuata 2020, Tunisia 2025. Kwa hiyo tulijikuta katika hali ya ajabu: Jaji Imani Aboud, Mtanzania, akawa rais wa Mahakama kuanzia 2021, kama Augustino Ramadhani, Jaji Mkuu wetu wa zamani, alivyokuwa kuanzia 2014, huku Mtanzania wa kawaida asiweze kufungua shauri jipya mbele yake. Tunatoa majaji na viwanja, tunawazuia walalamikaji.

Na bado Mahakama imesema jambo ambalo wazee walioondolewa Mkomazi wangependa kulisikia mwaka 1999. Waogiek wa msitu wa Mau, Kenya, walipewa notisi ya kuondoka msituni mwaka 2009 kwa jina la uhifadhi. Kenya haijaweka tamko, hivyo walipitia Banjul, na Tume ikalifikisha shauri Arusha mwaka 2012. Mei 2017 majaji walisema Waogiek ni watu wa asili wenye haki juu ya msitu huo, hata bila hati, na kwamba Kenya haikuthibitisha kuwa wao ndio walioharibu mazingira. Juni 2022 Mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya 157,850,000 na wapimiwe ardhi yao ya asili kwa umiliki wa pamoja. Kipimo kilikuwa uhusiano wa watu na mahali wanapopategemea. Swali la nani alitangulia kufika kwa miaka mingapi halikuwa ndio mwisho wa maneno. Utekelezaji umesuasua, na mwaka 2023 Waogiek walikuwa wakiondolewa Mau tena.

Kwa hiyo mtu wa kijiji cha Kisiwani au wa Same mjini mwenye ugomvi na dola leo bado ana njia, ila imekuwa ndefu. Akimaliza Mahakama Kuu Moshi na Mahakama ya Rufani, anaweza kuiandikia Tume ya Banjul, upande wa pili wa bara, na Tume ikiona inafaa italeta shauri Arusha, alikotaka kwenda tangu mwanzo. Waogiek walisubiri miaka 13 kwa njia hiyo, kuanzia ombi hadi hukumu ya fidia. Iko pia Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha hiyohiyo, ambayo haidai mtu amalize kwanza mahakama za nyumbani na imewahi kusikiliza wanavijiji wa Loliondo wakiishitaki serikali. Lakini hiyo ina saa yake: shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu kitendo kitokee au tangu mlalamikaji alipokijua. Wanaume wa mbiru walikaa Same zaidi ya hapo kabla mtu yeyote mwenye mamlaka hajakubali kwamba kulikuwa na shauri.